Siku Nilipoyaandikisha Majivu ya Mama Mkwe

Nakumbuka siku ile lori la chumvi lilipoingia Koboko, mwanangu, kina mama wakapiga vigelegele utadhani limeleta bibi harusi. Usicheke. Miaka ile uchumi ulikuwa umelala chali. Maduka ya Arua yalibaki na rafu na wenye maduka tu, na mtu aliyebahatika kunywa chai yenye sukari hakufuta mdomo mpaka jioni, ili aonekane. Hapo serikali ikasema kugawa chumvi ni kazi yake. Na ilikuwa sawa, sitaki kukudanganya. Bila lile lori, wenye nguvu wangekula na wajane wangelamba mawe.

Mimi, kijana wa Awindiri kule Arua, mwenye mwandiko mzuri, nikawekwa karani kwa chifu wa Koboko. Kila nyumba kikombe kimoja, jina daftarini, basi. Lakini nilipewa pia kiti, meza na muhuri. Wahenga walisema masikini akipata matako hulia mbwata. Yangu yalisikika mpaka Ombaci.

Kwanza niliamuru watu wapange mstari. Vizuri. Kisha niliamuru wapange kwa alfabeti, na kule kila wa pili ni Abdalla au Asha, hata mzee Zakaria akawa anakuja na kitanda chake cha kamba. Halafu lori la pili halikuja. Mwenye akili angesema, jamani, chumvi imekwisha, kila mtu ajitahidi. Mimi nikaona aibu, serikali itakosaje la kufanya?

Nikagundua kwamba vyakula vya watu bado vina ladha. Kina mama walikuwa wamerudia chumvi ya bibi zao: unachoma maganda ya maharage, unatia majivu kwenye chungu chenye tundu chini, unamwaga maji juu, yanadondoka polepole, na hayo ndiyo unayopikia. Nikapiga muhuri tangazo: majivu yote ya chumvi yataandikishwa, yatakusanywa, yatagawanywa kwa haki.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Hawa. Na Mama Hawa, mwanangu, ndiye aliyemzaa Zubeda, msichana niliyekuwa nimempenda mpaka usingizi ukanihama. Nilitaka kuonyesha sina upendeleo.

"Wewe kijana," akaniambia, "hii majivu iko yangu. Kuni nimekata mimi, moto nimewasha mimi. Serikali iko wapi hapa?"

"Mama, ni kwa faida ya watu wote."

"Wote iko nani? Mimi niko ndani?"

Nikamwachia karatasi yenye muhuri, nikabeba chungu chake. Nilikusanya vyungu kumi na kimoja, nikavipanga katika ghala la chifu, ambalo paa lake lilivuja. Mvua ya alasiri moja ikaosha majivu yote. Tukabaki kugawana ukosefu, kwa haki kabisa.

Wiki iliyofuata wazee wangu wakaja kutoka Arua kuniposea, wakiongozwa na Baba Mkubwa, mtu aliyependa kula kuliko kuongea, na kuongea alipenda sana. Tukaletewa ugali wa muhogo, kuku na majani ya kunde. Baba Mkubwa akatia tonge, akatafuna, akaacha kutafuna, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kipofu.

"Mama," akauliza kwa adabu, "chumvi iko?"

Mama Hawa, kwa heshima ya wakwe, hakujitokeza. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko. "Chumvi iko kwa serikali. Sisi hapa iko nangoja mstari."

Zubeda akatoka na sahani iliyofunikwa kawa, akaiweka mbele yangu, akasema, "Karibu mchuzi." Nikafunua. Ilikuwa ile karatasi yangu, na muhuri wake.

"Huyu mutoto," Baba Mkubwa akawauliza wenzake, "nataka kuoa ama nataka kutawala?"

Niliogopa, mwanangu. Niliona mke anaondoka hivi hivi kwa ajili ya majivu. Nikainama pale pale nikaomba radhi, na ukuta ukajibu: nirudishe vyungu vyote, nyumba kwa nyumba, kichwani, mchana, nikipitia sokoni, na kila kimoja kiwe na majivu niliyochoma mwenyewe. Ndipo tutaongea. Nilipita sokoni mara kumi na moja. Kufika mara ya sita watu walikuwa wanapanga mstari wenyewe, kwa alfabeti, ili kunitazama.

Sasa nasikia nawe, kwa ugumu huu wa bei za leo, umewekwa kwenye kamati ya kugawa mbegu. Nimefurahi. Njaa ikibisha hodi, serikali na iingie, tena iingie upesi. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asipewe funguo za jiko. Ukipewa mbegu ugawe, gawa mbegu. Ukikuta watu wamejifanyia jambo wenyewe, wasaidie au wapishe. Na kabla hujapiga muhuri, jiulize kama nyumba hiyo utarudi kula.

Mimi nilirudi, na nimekula kwa Zubeda maisha yangu yote. Ila mpaka leo nikinyoosha mkono chunguni kabla hajapakua, haniiti kwa jina. "Serikali," anasema, "toa mkono."

Natoa. Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa, mwanangu, na nyumba ambayo hawataogopa kukuambia uutoe.