Majina Tisa ya Ma Benigna

Fomu yake ilinifikia Oktoba, imejazwa kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista, na nilipofika sehemu ya wakazi wa nyumba nikasema leo nimepata. Majina tisa. Benigna mwenyewe, mume wake Rutaihwa, na watoto saba, wa kwanza akiwa Mwesiga. Nyumba ipo Nyanga, vyumba tisa, umeme upo, maji ya bomba yapo. Mimi ndiye ninayetafuta nyumba za kupokea wageni hapa Bukoba, na miaka mitatu ilikuwa imepita bila kuona fomu iliyoshiba namna ile.

Kazi yenyewe ni hii. Naitwa Shamsa, nafundisha Kiingereza sekondari moja ya mjini na nimepanga Rwamishenye. Nje ya mshahara najitolea kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi: kijana wa Ujerumani anakuja kukaa na familia hapa miezi kumi na kusoma shule zetu, na kijana wa kwetu anakwenda kukaa na familia ya kule. Ni mtoto kwa mtoto. Nyumba ikikosekana huku, nafasi ya kule inakufa. Vijana wanaotaka kwenda wamejaa tele. Wananisimamisha sokoni kuniuliza habari za pasipoti, za baridi, na kama chakula cha kule kinashibisha. Nyumba ndizo hazipatikani. Kila mzazi anataka wake apokelewe, na ukimwomba yeye apokee wa mwenzake, ghafla unaambiwa choo kiko kwenye matengenezo.

Niliingia humo kwa sababu ya binti yangu Nuriat, aliyekwenda na programu hiyo akiwa na miaka kumi na sita. Wazazi huniuliza kwenye vikao kama watoto hurudi, nami huwajibu kuwa hurudi, mbona wangu alirudi. Huwa siongezi kwamba alikaa miaka miwili akaondoka tena kwenda kusoma, na kwamba huu ni mwaka wa saba hajarudi.

Mwaka huo tulipewa nafasi moja. Kanuni ilisema familia itakayopokea mgeni ndiyo ya kwanza kupeleka kijana wake, na isipotaka, nafasi inakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Wa kwanza alikuwa Dativa, binti wa miaka kumi na saba wa Muleba, ambaye mama yake anauza ndizi za kuchoma pale mabasi yanaposimama. Mwalimu Kagaruki, anayefanya kazi yangu upande wa Muleba, alikuwa akinipigia kila Ijumaa kuuliza kama nyumba imepatikana. Mwisho wa kupeleka jina la nyumba ulikuwa tarehe thelathini Novemba.

Kwa hiyo Jumamosi nikaenda Nyanga moyo mweupe. Ma Benigna alinipokea mlangoni, mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwembamba, kitenge kimenyooshwa pasi, mkononi kisahani cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Mhaya humpa mgeni atafune kabla ya kumwuliza shida yake. Nikatafuna huku nikisubiri hao wengine wanane watokee. Hakutokea mtu. Hata kuku walikuwa wamenyamaza, na nikaanza kukereka.

Nikaomba nimsalimie baba mwenye nyumba. Alinyanyuka, akanipitisha mlango wa nyuma, tukaingia kibanjani katikati ya migomba na mibuni mpaka kwenye kaburi la vigae vyeupe lililofagiliwa asubuhi hiyo. "Ta Rutaihwa, mwalimu amekuja," akasema. Nikamsalimia marehemu, ningefanya nini.

Tuliporudi ndani akachukua kamba yenye funguo saba, kila mmoja umefungwa kitambaa cha rangi yake, akaanza kunifungulia milango. Chumba cha Mwesiga kilikuwa na kitanda cha futi sita kimefunikwa nailoni, kabati, na raba za kushindia zimepangwa chini. Mwesiga yuko Dar es Salaam. Aliyefuata yuko Mwanza, wa tatu Dodoma, na hivyo hivyo mpaka wa saba. Kila mmoja alikuwa amechangia kujenga, akaweka samani zake, akafunga, akamwachia mama ufunguo. Huja Desemba, Desemba nyingine hawaji. Yeye hufagia vyumba vyote kila Alhamisi, halafu hurudi kulala kwenye kile kidogo kilicho jirani na jiko, alikolala na marehemu mume wake. Kilichobaki ni cha wageni.

Nilimwuliza kwa nini ameandika watu tisa, na nilimwuliza kwa sauti ninayoionea aibu mpaka leo. Akasimama wima.

"Nimedanganya wapi, mwalimu? Huko waliko wamepanga. Kwao ni hapa."

Na kwa watu wa huku, huo si uongo. Mhaya anaweza kuzeekea Dar es Salaam, na bado ukimwuliza anakotoka na anakokaa atakutajia kibanja cha baba yake, na akifa mtambeba saa ishirini barabarani mumrudishe kwenye migomba hiyo hiyo. Sisi wazee wetu walipanda huku kutoka pwani na biashara zao, hatuna kibanja, tunazikwa makaburi ya mjini, lakini nimezaliwa hapa na naijua desturi. Nilikasirika tu kwa sababu Jumamosi yangu ilikuwa imekwenda bure.

Nikamweleza kanuni. Lazima wawepo watu wasiopungua wawili wanaolala ndani ya nyumba siku zote. Mgeni ni binti, hawezi kuachwa na mtu mmoja ambaye akiugua hakuna wa kumshika mkono. Ma Benigna alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye kiti, akashika ile kamba ya funguo mapajani.

"Nikipika, namenya ndizi tatu," akasema. "Ndizi tatu si chakula, mwalimu. Zinaungua kabla hujageuka."

Akaomba nimsubiri apige simu. Aliwapigia watoto wote saba, mmoja baada ya mwingine kwa kufuata kuzaliwa, akiwa ameweka spika kwa sababu sikio moja halisikii vizuri. Alichoomba ni kidogo: mjukuu mmoja aje akae naye, mgeni apate kuletwa. Hakuna aliyemjibu vibaya, hilo lazima niliseme. Waliopokea wote walisema wazo ni zuri sana. Wote walisema wataona. Mwesiga alikuwa kikaoni. Wa saba hakupokea.

Kosa la siku zilizofuata ni langu. Mdomo wangu haujui kutulia, na Jumatatu nilimpigia Mwesiga mwenyewe nikamwambia kwamba nyumba ikipita, familia ina haki ya kupeleka kijana Ujerumani. Kabla ya Jumatano simu ya Ma Benigna, iliyozoea kuita Jumapili baada ya misa, ilikuwa inaita asubuhi, mchana na jioni. Watoto wake waligombania ile nafasi mpaka wawili wakanuniana. Mwesiga akawashinda kwa kuwa ndiye mkubwa, na binti yake Annastella ndio kwanza alikuwa anamaliza kidato cha nne. Nilipokwenda kumwona, mama wa watu alikuwa na uso mpya. Aliniambia watoto wamemkumbuka, na leo wamemwuliza hata ule mguu wake unaomsumbua unaendeleaje. Nilijua wanachokumbuka, nikanyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni kazi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sharti, mbele yangu, spika imewashwa. Annastella akimaliza mtihani aje Nyanga. Vijana wa kidato cha nne hukaa nyumbani miezi mingi wakisubiri kidato cha tano, basi aisubiri hapa, alale na mgeni, wazoeane, na Agosti aende zake Ujerumani na baraka zote.

"Mama," Mwesiga akasema, "Nyanga mtoto atafanya nini miezi yote hiyo?"

Akaendelea kueleza habari za masomo ya maandalizi, za kompyuta, za mtandao unaosumbua huko kijijini. Ma Benigna alimwacha amalize.

"Huko Ujerumani atakaa miezi kumi na mama asiyemjua. Mimi ananijua."

Mwesiga akajibu kuwa hayo ni mambo mawili tofauti, kwamba angempigia baadaye. Hakupiga. Wale wengine nao, walipolisikia sharti, wakaacha kupiga mmoja mmoja, na mguu wake haukuulizwa tena.

Tarehe ishirini na tisa nikaenda kumwambia kuwa nyumba imeshindikana. Njiani nilimwaza Dativa wa Muleba aliyekuwa ameshaanza kujifunza salamu za Kijerumani kwenye simu ya mama yake. Nilikuta Ma Benigna ananisubiri mezani na fomu mpya, ile nakala niliyomwachia. Kwenye sehemu ya wakazi alikuwa ameandika jina moja, Benigna, na mistari minane iliyobaki ameikata kwa rula, taratibu, asichafue karatasi. Hata Ta Rutaihwa alikuwa amemwondoa.

"Nimeandika unavyotaka," akasema.

Nikamwambia ikienda hivi wataikataa. Akasema anajua. Niliumia. Yale majina tisa yalinikasirisha tu, lakini hili moja lilinifanya niziache kisahanini buni alizonipa. Mvua ndogo ilikuwa inapiga bati. Halafu akaniuliza, kwa kutaka tu kunitoa kwenye mawazo, kule Rwamishenye nakaa na nani.

Nilifungua mdomo kusema nakaa na binti yangu. Hilo ndilo jibu langu la siku zote. Nimempa mwenye nyumba, nimewapa majirani, na karani wa sensa alipokuja nilimwambia tuko wawili, akaandika wawili. Chumba cha Nuriat kina kitanda chenye shuka safi, na shuka hiyo naifua kila mwezi ingawa hakuna aliyeilalia. Na mimi ndiye niliyemfokea mama huyu kwa kujaza watu wasiokuwepo.

"Nakaa peke yangu, Ma," nikasema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa sauti, na lilinitoa machozi mbele ya mtu ninayemkagua.

Hakunibembeleza. Alisogeza fomu upande wangu, akaweka kalamu juu yake, akanyanyuka kwenda kutazama sufuria jikoni. Nikaandika Shamsa, juu kidogo ya mstari wa kwanza aliokuwa ameukata.

Aliporudi alisoma, akachagua kwenye kamba ufunguo wenye kitambaa chekundu, akanipa. Ulikuwa wa chumba cha Mwesiga. Nikamwomba anipe chumba kingine chochote, hata kilicho kidogo. Akakataa, hicho ndicho kikubwa, na mwalimu anahitaji meza. Zile raba alizitoa mwenyewe akazipeleka stoo. Aliniuliza pia kama sufuria ya nguruwe itanisumbua, halafu akajijibu kuwa ataigawa.

Mkaguzi haruhusiwi kukagua nyumba anayokaa, kwa hiyo kesho yake Kagaruki alipanda basi la asubuhi kutoka Muleba. Akatafuna akamwani, akasalimia kaburi, akauliza wanaoishi hapa ni wangapi. Ma Benigna akajibu wawili, bila kuitazama milango. Fomu ikaenda siku hiyo hiyo, sehemu ya kijana wa familia ikiwa tupu, na nafasi ikamwangukia Dativa.

Wiki mbili baadaye Dativa na mama yake walikuja Nyanga kushukuru. Binti akapiga magoti kusalimia, mama akashusha mkungu. Kisha akaniuliza lile swali la wazazi wote, kama mtoto atarudi. Nilimwambia sijui. Nilimwambia wa kwangu hakurudi, na kwamba asiache kumpigia, asingoje apigiwe. Alinishika mkono akaushikilia muda mrefu, na bado hakubadili nia.

Walipoondoka tu simu ikaita. Mwesiga alikuwa amesikia kwa mdogo wake. Spika ilikuwa imewashwa kama kawaida, nami nimesimama kwenye mlango wa chumba chenyewe na kanzu zangu mkononi.

"Mama, umempa mtu baki chumba changu? Mimi nikija nitalala wapi?"

Ma Benigna aliinamia simu.

"Kipo chumba cha wageni, mwana wange," akasema. "Nakifagia kila Alhamisi."

Akaiweka simu mezani kifudifudi. Funguo sita zilikuwa bado mapajani, na alizipapasa zote, moja moja. Halafu alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi za ule mkungu wa Muleba. Alimenya nyingi kupita tuwezavyo kula watu wawili, na sikumwambia apunguze.