Shati la Kila Alhamisi

Wanunuzi wa mapazia walimpa mwenye duka jina la Bei ya Mwisho, kwa sababu bei hiyo aliitaja mwanzo, hujauliza kitu, kisha akanyamaza akuache uhangaike mwenyewe. Alipoanza kuandika hadithi mtandaoni alilitumia jina hilohilo, na halikumwangusha.

Uandishi hakuusomea shuleni. Aliusomea kwenye vitabu vilivyochanika, ambavyo muuza vitabu wa pembeni mwa soko alimwachia kwa bei ya kutupa kwa kuwa kurasa za mwisho zilishapotea. Alikwenda navyo nyumbani akavimalizia kichwani. Wasomaji wake walipomuuliza siri ya kazi yake, aliwajibu kwamba ni njaa ya ukurasa, basi.

Aliandika asubuhi, mlango wa duka ukiwa nusu wazi, amekalia jora la kitambaa. Sehemu moja kwa siku, isiyozidi urefu wa kikombe kimoja cha chai. Aliikata hadithi kama anavyomkatia mteja maneno: mtu akishashika kitambaa na kukisugua kwa vidole, nyamaza, ukiongeza neno unamfungulia njia ya kuondoka.

Kabla ya kutuma, alivuka korido hadi chumba cha dada yake. Dada huyo, fundi cherehani, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mambo ya mitandao hakuyajua wala hakuyataka. Alisikiliza tu huku akipinda mapazia.

"Huyo mwanamke hawezi kusema hivyo," alikuwa akisema. "Mwenye hasira hamalizi sentensi. Toa hiyo."

Naye alitoa. Wasomaji elfu thelathini walisoma kilichochujwa na sikio la mtu mmoja.

Mume wa dada aliondoka miaka kumi na moja iliyopita, na begi dogo, akiaga kwamba atarudi Ijumaa. Dada hakumlilia mbele ya mtu. Ila siku moja mvua iliwafungia ndani wawili hao, na akamwambia mdogo wake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mwingine: kila Alhamisi hulitoa shati moja la bluu la mumewe, lisilo na kitufe cha tatu, akalipiga pasi na kulitundika.

"Fundi mzima, kitufe hushoni?" mdogo alimtania.

"Nikikishona nitakuwa nimemaliza kazi zake zote. Nitabaki na nini?"

Bei ya Mwisho alimshika mkono akalia, na alilia kweli. Wiki mbili baadaye akaliandika jambo hilo.

Alibadilisha mji. Mwanamke akamfanya muuguzi, mume akawa dereva wa malori. Kitufe alikiacha palepale. Alijua fika kwamba hayo mengine yote ni kitambaa cha kawaida. Mali ilikuwa kitufe. Sehemu hiyo hakuvuka nayo korido. Alijiambia dada ana kazi nyingi siku hiyo.

Mtandaoni ilienda kama moto wa nyasi. Wachache walilia, wengi walicheka. Baada ya siku tatu yule mwanamke alishabatizwa Mpiga Pasi, akawa kipimo cha ujinga: ukimsubiri mchumba asiyepokea simu, unaambiwa uchukue pasi. Bei ya Mwisho alisoma maoni yote, moja baada ya jingine, akitabasamu.

Kisha mteja mmoja alikwenda kwa dada kupima gauni, amefuatana na rafiki yake.

"Shoga, mwache huyo mwanamume," alimwambia rafiki. "Usije ukawa Mpiga Pasi."

"Ndiye nani huyo?" dada aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Hujamsoma? Kuna mjinga mmoja kwenye hadithi, anapiga pasi shati la mume aliyemkimbia. Miaka kumi na moja. Na kitufe cha tatu hakipo."

Dada alizitoa pini mdomoni moja moja, akamaliza kupima kiuno. Mteja alipoondoka, alivuka korido, jambo asilolifanya saa za kazi.

"Ni mimi?"

"Dada, nilibadilisha kila kitu."

"Na kitufe?"

Mtu aliyewahi kuwazima madalali sugu kwa neno moja aliitoa simu mfukoni.

"Naifuta sasa hivi," alisema.

"Futa."

Akafuta. Lakini watu walishainakili na kuisambaza kwenye makundi, wengine wakijiita ndio waandishi.

"Basi nitaandika mume amerudi," akajaribu tena. "Waliomcheka wote waone aibu."

"Arudi Ijumaa ipi?"

"Dada..."

"Unanitajia bei, mdogo wangu. Mimi siuzi."

Hawakugombana. Ugomvi ungekuwa nafuu, maana una pa kushika, una pa kuanzia mapatano. Tangu siku hiyo, ukimuuliza dada ameamkaje, salama. Mgongo? Salama. Usingizi? Salama tu. Mapazia aliyapinda vizuri na kwa wakati, na mazungumzo yakawa ya uzi na bitana.

Jumapili moja Bei ya Mwisho aliiacha simu nyumbani makusudi, akaenda kwa dada yake mikono mitupu. Mlangoni alimwonyesha viganja vyote viwili.

"Sikuja nayo. Ongea na mimi, dada. Chochote."

Dada alimkaribisha kiti, akammiminia chai, akakaa mbali kidogo.

"Simu siiogopi," alisema taratibu. "Naogopa masikio yako."

Bei ya Mwisho aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimkata ndani, na palepale, kabla maumivu hayajatulia, aliyasikia yalivyokaa: mafupi, mazito, hayana pa kupunguza. Hakutaka kuyasikia hivyo. Midomo yake ilishaanza kuyarudia bila sauti, yasije yakampotea.

Dada alikuwa akimtazama.

"Umeshaanza," alisema, akainuka kwenda kumfungulia mlango.