Nilipata Sita, Mama Raina Akatoa Nguo za Kuzikwa

Siku niliyopata sita, alama ya juu kabisa, kuna mama wa watu alirudi kwake akatoa kabatini nguo alizojiwekea za kuzikwa.

Sababu ni mimi.

Nilikuwa mwaka wa nne wa famakolojia, elimu ya dawa, hapa mjini Pleven. Mtihani ulikuwa kumweleza mgonjwa wa kweli dawa yake kwa dakika tano, maprofesa wakisikiliza.

Nikapewa Mama Raina, mjane wa kijijini, vidole vimepinda kwa baridi yabisi.

Nilitiririka balaa! "Dawa hii huzuia seli kugawanyika. Hutumika pia kutibu saratani. Utameza mara moja tu kwa wiki."

Akaitikia kila neno. Nikapigiwa makofi.

Wiki mbili baadaye binti yake akapiga simu idarani, analia.

"Mlimwambia nini mama yangu? Hali chakula, dawa hagusi. Jana aliniaga!"

Profesa Haralampieva akanikazia macho. "Ralitsa, nenda kamweleze. Akitufia huyo mama, hiyo sita utaila?"

Nikapanda basi hadi kijijini kwake. Nilimkuta kitandani, amebaki mifupa.

"Mama, naapa, huna saratani!"

"Usinifiche, mwanangu. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia ukweli."

Nikaeleza upya, kwa maneno mepesi kama naongea na mtoto wa chekechea.

Akageukia ukutani.

Hapo nikaishiwa. Nikapiga magoti sakafuni, nikalia kama niliyefiwa.

"Basi niambie wewe, Mama. Siku ile ulisikia nini?"



"Nimefundisha biolojia miaka thelathini na moja," akasema. "Unaniambia kuzuia seli, unanitajia saratani. Ulitaka nielewe nini kingine?"

Nilimdhania hajui kitu, kumbe alielewa kuliko nilivyotaka!

"Mama, wenye saratani hupewa kiasi kikubwa. Wewe unapewa kidogo mno. Kinga ya mwili wako inashambulia viungo vyako, kiasi hiki kidogo kinaituliza. Basi."

Akageuka taratibu. Akaniangalia weee.

"Na hilo lilikushinda nini kulisema siku ile?"



Akamwita binti yake, akaomba supu.

Wenzangu mnaosomea dawa, "umeelewa?" haitoshi. Muulize mgonjwa amesikia nini, na anaogopa nini. Mimi maneno yote niliyosema yalikuwa sahihi. Niliacha mawili tu, "huna saratani," na nusura nimzike mtu.