Kikombe Kitupu cha Mpimaji

Dada yangu hakuwahi kumwagia bosi chai. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo alilojivunia kuliko yote maishani. Miaka ishirini na saba alikuwa mhudumu wa chai katika jengo la ofisi la ghorofa nne, na jengo zima lilimwita Mama Sinia. Saa nne kamili asubuhi alitoka jikoni na sinia lenye vikombe kumi na viwili, kila kimoja kimejaa mpaka upana wa kidole kutoka ukingoni. Akapanda ngazi, akafungua mlango kwa kiwiko, na hakuna kisahani kilicholowa. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, wengine kwa kustaafu, wengine kwa pingu, yeye akabaki na sinia lake.

Mimi mdogo wake nilikuwa jengo hilohilo, chini kabisa, karani wa masjala. Nimebeba majalada ya watu maisha yangu yote. Nikisema watu wa maofisini nawajua, sisemi kwa kusikia.

Ugonjwa ulimwanza mwaka mmoja kabla hajastaafu, kwenye kidole gumba cha kulia. Kidole kilicheza chenyewe, naye akakificha chini ya sinia. Kisha ukaja mkono mzima, kisha wa pili, kisha miguu ikawa inaganda mlangoni kama iliyopigwa misumari. Daktari wa hospitali akasema ni ugonjwa wa kutetemeka, hauponi, ila kuna kidonge cha kuutuliza. Ukikimeza, baada ya nusu saa mikono inatulia, na inabaki hivyo saa mbili ukibahatika. Zikiisha, kifungo hakiingii tunduni, na kijiko kinafika shavuni badala ya mdomoni. Vidonge ni vitatu kwa siku, na siku ina saa ishirini na nne.

Mumewe alishafariki. Aliyekuwa akimwogesha, kumvisha na kumlisha ni jirani yake, mjane mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiochoka. Mimi mgongo wangu ulishaliwa na majalada, kumwinua mtu mzima siwezi. Sasa yule jirani akapata kazi ya kudumu kwenye nyumba moja mbali kidogo. Akasema wazi kwamba posho ya ulemavu ya Dada ikitoka, alipwe kutoka humo, atabaki, isipotoka ataenda zake. Nani amlaumu?

Na isipotoka, Dada angehamia kwa binti yake. Binti ni mwema, lakini nyumba ni ya mumewe, ina vyumba viwili, na bafu lina pazia badala ya mlango. Mama mkwe avuliwe nguo na kuogeshwa huku mkwe wake amekaa hatua tatu kutoka hapo, anajifanya hasikii maji! Dada aliniambia, "Bora ninuke." Hakuwa anatania.

Basi tukajaza fomu. Mimi ndiye niliyeandika. Kurasa ishirini na sita, na ndani yake binadamu amekatwakatwa vipande kumi: kupika, kula, kunywa, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutembea na kadhalika. Kila kipande kina alama zake. Ukifikisha alama nane unapewa posho, ukipata saba wewe ni mzima. Ukishajaza unaitwa kwa mpimaji. Lakini mpimaji haamui, yeye anaandika ripoti tu. Anayeamua ni afisa wa maamuzi, anayekaa jengo jingine na hajawahi kukutia machoni. Aliyekuona haamui, na anayeamua hakukuona. Mpango huo nimeufanyia kazi miaka mingi na naujua utamu wake: ukimlalamikia wa kwanza anakuelekeza kwa wa pili, ukimlalamikia wa pili anakuonyesha karatasi ya wa kwanza.

Siku ya kupimwa Dada akapanga saa ya kidonge kama anayepanga safari.

"Usimeze," nikamwambia. "Nenda ulivyo. Wakuone."

"Niingie ofisi ya watu natetemeka kama mlevi? Una wazimu wewe."

"Dada, si ndicho wanachotaka kukiona?"

"Wanione mimi, sio ugonjwa."

Akameza. Jirani akamchana nywele, akamfunga vifungo vyote kumi vya gauni la kazini, lile la mwisho alilostaafu nalo. Akatoka nyumbani kama anakwenda kuhudumia mkutano wa bodi.

Mpimaji alikuwa na shati jeupe na kompyuta, na kati ya kompyuta na dada yangu alichagua kompyuta. Aliuliza maswali yake akiwa amekikodolea macho kioo chake, na vidole vyake, vyenye afya tele, vikagonga.

"Unaweza kuvaa mwenyewe?"

"Najikaza, mwanangu."

Akagonga.

"Kuoga?"

"Tunashukuru."

Akagonga. Nikafungua mdomo. "Samahani, anayemwogesha ni..."

"Mama, nimemuuliza yeye."

 Halafu akauliza kama anaweza kujitengenezea kinywaji, na dada yangu, Mungu amsamehe, akacheka. "Chai? Mimi?"

Yule bwana akafungua mtoto wa meza akatoa kikombe cha plastiki. Kitupu. Akamwambia akiinue, akipeleke mpaka dirishani, akirudishe. Dada akakipeleka na kukirudisha kichwa juu, mkono umetulia, na akamkabidhi kwa kuinama kidogo, kama alivyozoea. Mtu aliyebeba vikombe kumi na viwili vya moto ghorofa nne alikuwa anapimwa kwa kikombe cha plastiki kisicho na hata tone la maji!  Yote hayo yalichukua dakika kumi na tisa, najua kwa sababu nilikuwa naitazama saa ya ukutani.

Ripoti ikatoka. Naikumbuka neno kwa neno. "Mwombaji alifika kwa wakati, akiwa nadhifu, nywele zimechanwa na vifungo vyote vimefungwa." Na nani? Hakuna aliyeuliza. "Alibeba kikombe hatua sita kwenda na kurudi bila kutetemeka. Kuandaa na kupeleka kinywaji: anaweza. Alama sifuri." Jumla alipata tatu. Afisa wa maamuzi, kwenye jengo lake, akaandika kwamba anasikitika. Tukaomba uamuzi uangaliwe upya, kwa sababu sheria inataka uanze hapo. Ofisi ileile ikaichukua ripoti ileile, ikasikitika tena kwa maneno yaleyale. Hata nukta hawakuhamisha. Nami sijifanyi malaika, nimewahi kugonga muhuri wa "Imekataliwa" huku natafuna karanga.

Ikabaki rufaa. Jirani akasema atangoja hiyo tu, zaidi ya hapo hawezi.

Tuliitwa saa tatu asubuhi. Dada akameza kidonge saa mbili na nusu, tukakaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Wajumbe wa jopo walitokea saa sita kasoro robo, wanacheka, wameshika funguo za magari. Hakuna aliyesema samahani. Nusu saa kabla ya hapo mkono wa Dada ulikuwa umeanza kupigapiga pochi iliyokuwa mapajani mwake.

"Nipe kidonge," akaninong'oneza.

"Saa yake bado."

"Nipe, wewe. Nitaingiaje hivi?"

"Nimevisahau nyumbani," nikasema.

Vilikuwa kwenye mkoba wangu, ndani ya kitambaa.

Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watatu. Mwenyekiti, mwanasheria mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Daktari. Na mjumbe wa tatu ambaye kazi yake sijaielewa mpaka leo. Karani aliketi pembeni na daftari. Tulikuwa hatujakaa vizuri, akaingia msichana mhudumu na sinia: chupa ya chai, vikombe vitatu vya udongo. Akaviweka kwenye kimeza karibu na mlango. Watu walichelewa kwa muda wa karibu saa tatu, lakini chai haikuchelewa hata dakika moja.

Mwenyekiti akafungua jalada. "Mama, mpimaji wetu anasema unaweza kuandaa na kupeleka kinywaji. Amekuona kwa macho yake. Unasemaje?"

Dada akalitazama jalada. Nilijua neno lililokuwa likimshinda. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumwambia mtu aliyekaa nyuma ya meza neno "siwezi". Walipomwagiza wageni thelathini badala ya kumi, alisema sawa. Alipokuwa na mimba ya miezi minane na wao wanataka chai ghorofa ya nne, alisema sawa.

Mwenyekiti akatazama saa. "Mama, tuna majalada mengine."

Ndipo akainuka.

"Chai yenu inapoa," akasema. "Niwahudumie?"

Mwenyekiti akatoa tabasamu ambalo mtu humpa mtoto aliyekariri shairi. "Haya mama, tafadhali." Nadhani aliona mambo yamejimaliza yenyewe.

Miguu iliganda kwanza. Kisha ikaachia, akaenda kwa hatua fupifupi mpaka kwenye kimeza. Akafungua chupa kwa viganja vyote viwili. Alipomimina, chai ilitafuta kikombe huku na huku, nyingi ikaishia kwenye sinia. Mhudumu akanyoosha mkono kumsaidia. Dada akamwambia, "Acha, mwanangu, hii ni kazi yangu." Akajaza vyote vitatu, upana wa kidole kutoka ukingoni. Kisha akalinyanyua sinia, akageuka.

Vikombe vikaanza kugongana. Mvuke ulikuwa unapanda, chai inaruka ukingo, na mikono yake inakwenda kasi kuliko nilivyowahi kuiona. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Hatua ya tatu mwenyekiti akakusanya karatasi zake zote akazikumbatia kifuani. Daktari akarudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Yule wa tatu alishasimama, ameshika suruali yake mapajani. Mhudumu akaruka akalidaka sinia, na hakuna aliyemwagikiwa.

Dada alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono imenyooshwa mbele, bado inatetemeka bila kitu.

"Mbona mmekimbia?" akauliza. Aliuliza kwa upole kabisa. "Jalada linasema naweza."

 Walikuwa wanatazama mezani, hao hao waliotaka ushahidi wa macho.

"Andika hilo," nikamwambia karani. "Andika wajumbe wamesogeza viti."

"Si lazima," akasema mwenyekiti haraka. Akavaa miwani. Akashusha sauti, kwa kuwa sasa alihitaji neno la kuandika na hakutaka litokane na viti vyao kusogea. "Mama, kwa kumbukumbu tu. Unaweza, au huwezi?"

Dada akalitazama sinia mkononi mwa yule msichana.

"Siwezi," akasema.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Niliisoma kwa sauti chumbani kwake, jirani akiwa anamkunjia nguo. Posho imekubaliwa, kwa miaka miwili, kisha mwombaji atapimwa upya ili kuona kama hali yake imebadilika. Ugonjwa ambao kila daktari anasema hauna njia ya kurudi! Labda watakuwa wamenunua kikombe kipya. Kuhusu viti hapakuwa na neno hata moja, wameandika tu "kwa kuzingatia ushahidi wa ziada". Jirani akapiga kelele za furaha, akasema ile nyumba ya mbali watafute mtu mwingine. Nami nilifurahi, sikufichi. Tumewashinda, nikasema, tumewashinda hao wapuuzi!

 Dada akaniomba nirudie mstari mmoja, ule wa kinywaji.

"Kuandaa na kupeleka kinywaji: hawezi."

"Wamegonga muhuri?"

"Wamegonga."

Akatikisa kichwa polepole. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa saa za kidonge zilikuwa zimekwisha, mkono ulikwenda kwenye sikio badala ya jicho. Jirani akamfuta kwa upande wa kanga.

"Siku ile," akaniambia, "vidonge ulikuwa navyo."

Nilitaka kukataa. Nikaona haina maana. "Nilikuwa navyo."

"Nilijua," akasema. "Ungenipa, ningewafikishia mezani."