Firigisi ya Mkubwa wa Meza

Mazishini, waheshimiwa walimsifu marehemu, mama mwenye hoteli wa mtaa wa Shieywe, kwa unyenyekevu. Muhonja, mpishi wake, akajifunika leso usoni kuficha kicheko. Mama yule alionja kila sufuria kwa kidole, na sauti yake ya kukaribisha wateja ilivuka barabara. Muhonja alikumbuka siku wazee wawili waliogombea uenyekiti wa mtaa, wakiwa mkutanoni pale hotelini, walipong'ang'ania firigisi, kipande cha kuku anachopewa mkubwa wa meza. Ugali ukapoa, ngumi zikakaribia. Mama akainyakua firigisi, akaitafuna taratibu mbele yao, kisha akapangusa vidole kwenye aproni.

"Haya, wazee wangu, mkutano uendelee."

Wazee wakatazamana. Mmoja akamgeukia Mama, akainua mkono.

"Mwenyekiti, naomba kusema."