Kovu la Shavu la Kulia

Nianze na upumbavu wangu, usije ukausikia kwa jirani: niliwahi kumsahihisha Mtaliano kazi yake. Mimi, wakati huo wa darasa la tano, mshika mkia wa hesabu.

Likizo hii nimepita misheni, hapa Ushirombo. Karakana yake sasa ni stoo ya pamba. Harufu ya wino na tapentaini imekwisha, popo wamehamia.

Mtaliano huyo, mtawa wa misheni, tulimwita Bruda. Alikuja kijana, akachora ukuta mzima wa kanisa, watakatifu wenye nyayo zilizopasuka kama za wakulima wetu. Lakini raha yake ilikuwa bamba la shaba: analichonga kwa kalamu ya chuma, anapaka wino, anafuta, kisha mashine inabana karatasi juu yake. Mzungusha mashine alikuwa baba, mpaka dhahabu ilipomwita Nyarugusu na duara, shimo la wachimbaji, likamfukia. Hakutolewa. Picha hakuwahi kupigwa. Mdogo wangu alipouliza baba alifananaje, mama alijaza ungo michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Akampelekea Bruda, akaomba amchongee uso wa mumewe. Macho ya Bruda yalikwisha kuingia ukungu. Alimwambia hili ndilo bamba lake la mwisho. Masika nzima alichonga, pua ikigusa shaba, nami nikifagia na kumtania kwamba anahitaji waipa kama za lori.

Siku moja alitoka kwenda kusali, nikachungulia. Kovu la baba, la pembe ya ng'ombe, lilikuwa shavu la kushoto. Kwenye shaba liko kulia! Nikacheka: mzee kapofuka. Nikaichukua kalamu yake, nikachonga kovu upande wake, refu, la kiume. Sikujua kuwa picha ya shaba hugeuka ikifika kwenye karatasi.

Karatasi ilibanduliwa mama akitazama. Baba yuleyule, na mwanya wake. Makovu mawili.

Bruda alipapasa shaba kwa kidole gumba, akaufikia mfereji wangu. Alijaribu kuusugua, lakini shavu linaishia wapi hakuona.

“Siwezi tena, Mama,” alisema.

Walimrudisha kwao kabla ya kiangazi, haoni kitu. Misheni hakuna tena anayejua kuchonga.

Nyumbani nilikiri, utani wote umenikauka, nikangoja fimbo. Mama aliitazama karatasi mpaka uji ukaungua. Kisha akasema:

“La kushoto alipigwa na ng'ombe. La kulia kapigwa na mwanawe. Lete nyundo tumtundike.”