Pawa Saplai Nyumbani kwa Mzee Fyuzi

Kompyuta ililipuka tena asubuhi, chai ikiwa bado haijapoa. Paa! Kisha harufu ya kuungua, kisha kimya. Binti wa Mzee Fyuzi alichomoa waya ukutani, akaketi, akashika tama.

Usimcheke, ukasema mtu mzima analilia chuma. Mama huyu alikuwa akipanga kurasa za vitabu vya shule, na bosi wake alimruhusu shingo upande kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta ikifa, anarudi ofisini. Akirudi ofisini, baba yake hana wa kukaa naye, basi atahamishiwa kwa kaka, mbali, kwenye nyumba ambayo hata choo hajui kiko wapi. Kaka mtu alishasema wazi: "Baba hayuko sawa, dada. Unajidanganya." Dada akamjibu kwamba mzee anasahau miwani tu, kama wazee wenzake, na akala yamini kwamba baba haondoki.

Na kwa kweli, ukimsikia mzee akizungumzia umeme, utamtoa kasoro wapi? Alikuwa fundi umeme tangu ujana, na mtaa ndio uliompa jina hilo la Fyuzi. Bisibisi yake ya kupimia moto wa umeme hadi leo ilikaa mfukoni mwa shati, hata shati la kulalia. Kila pawa saplai ilipoungua, lile sanduku la chuma linalopokea umeme na kuugawa ndani ya kompyuta, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama na kunusa. "Moto umezidi kifaa," husema, na binti moyo unamtulia.

Fundi kompyuta, bwana mmoja mwenye maneno kama redio, alikuwa ameshabadilisha mbili. Kila mara aliletewa mashine dukani, akafungua, akaona ndani kumepasuka, akalaumu umeme wa nyumba. Wakanunua stabilaiza ya kutuliza umeme, wakatupa ekstensheni, wapi! Safari hii akaitwa nyumbani. Alipima soketi, akakuta umeme uko sawa. Akaigeuza kompyuta, akaangalia nyuma, akaweka kidole.

"Dada, nani kagusa hapa?"

Palikuwa na swichi ndogo nyekundu, imezama ndani, ya kuchagulia nguvu ya umeme.

"Niliiacha volti mia mbili thelathini, ndio umeme wetu. Sasa iko mia moja kumi na tano. Ukiwasha hivi, lazima ilipuke. Na haisogei kwa kidole, hii inataka bisibisi." Akacheka. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Alipoona binti hacheki, aliitoa ile pawa saplai iliyoungua, akamkabidhi, akasema atarudi na nyingine isiyo na swichi, inayojichagulia umeme yenyewe. Kwake yeye, kazi ilikuwa imekwisha.

Binti akaenda sebuleni, sanduku mkononi.

"Baba, ile swichi nyekundu nyuma ya kompyuta, uliigusa?"

"Niliipunguzia moto," mzee akajibu kwa upole. "Inakuchosha, mwanangu. Nimeiweka namba ndogo, ifanye kazi taratibu."

Hasira hazikuja. Ilikuja hofu. Aliwaza jiko, aliwaza birika, aliwaza kila soketi ya nyumba ile na bisibisi iliyo mfukoni mwa baba yake. Akakaa kando yake. Mzee akatazama dirishani kidogo, halafu akageuka.

"Umeshika nini hicho?"

"Pawa saplai, baba. Imeungua."

Akaipokea, akainusa, akaigeuza mpaka akaiona swichi. Uso ukabadilika, akawa yule fundi mkali ambaye wanagenzi walimwogopa.

"Nani kafanya ujinga huu? Namba ndogo kwenye umeme mkubwa? Huyu atakuja kuunguza nyumba na watu ndani."

"Ni mtu wa hapahapa, baba. Hakukusudia."

"Hata kama hakukusudia. Hata kama ni ndugu yako wa damu. Mtu kama huyo haachwi peke yake penye umeme, mwanangu. Mwondoe."

"Ndiyo, baba."

Akatoka uani kumpigia kaka yake simu. Kaka alipopokea, dada alimwambia, "Ulisema kweli kuhusu baba."